Beryl Burton: Malkia wa baiskeli aliyekaidi onyo la madaktari

MADAKTARI walipomruhusu msichana Beryl Charnock kurudi nyumbani, walimwachia onyo moja. Asithubutu kuutesa moyo wake kwa kazi nzito wala michezo ya kuchosha, maadamu ugonjwa uliokuwa umempokonya takriban miaka miwili ya utoto wake ulikuwa umeudhoofisha moyo huo.

Msichana huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama Beryl Burton, bingwa wa dunia mara 7 katika mbio za baiskeli na mwanamke aliyewahi kuwapiku wanaume wa nchi yake kwenye barabara moja, siku moja. Aliishi akilikaidi onyo hilo, na hatimaye alifariki akiwa juu ya baiskeli.

Beryl alizaliwa Mei 12, 1937 katika mtaa wa Halton jijini Leeds, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alianguka mtihani ambao siku hizo uliamua ni mtoto yupi angejiunga na shule bora ya upili. Muda si muda akashikwa na homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo hushambulia viungo vya mwili na mara nyingi huacha kovu moyoni.

Alilazwa hospitalini kwa miezi 9, kisha akahamishiwa makao ya wagonjwa wanaopata nafuu alikokaa miezi mingine 15. Aliporudi kwao, hakuna aliyetarajia makubwa kutoka kwake.

Baada ya shule aliajiriwa katika kampuni ya nguo jijini Leeds. Huko alikutana na kijana Charlie Burton, aliyependa mno kuendesha baiskeli. Walioana mwaka wa 1955, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Denise. Charlie ndiye aliyemtia mkewe katika mchezo huo na kumwingiza katika klabu ya waendesha baiskeli ya mji wa Morley, kusini mwa Leeds.

Mwanzo haukuwa na dalili yoyote ya ukuu. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mumewe, Beryl alikuwa akiachwa nyuma, hata wenzake wakalazimika kumsukuma kidogo ili afike. Kadiri muda ulivyosonga aliweza kuandamana nao. Kufikia mwaka wa tatu ndiye aliyekuwa mbele, na waliokuwa wakimsukuma ndio waliokuwa wakihema nyuma yake.

Ili kuelewa mabadiliko hayo, hatuna budi kuitazama nchi iliyomlea. Yorkshire si tambarare. Magharibi na kaskazini-magharibi mwa Leeds ardhi huinuka hadi kwenye safu ya vilima vya Pennine, ambako mabonde marefu ya Wharfedale, Nidderdale, Wensleydale na Swaledale hutenganishwa na nyanda za juu zisizo na miti, makao ya kondoo na upepo.

Barabara zake ni nyembamba na zimebanwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Hufuata mto kwa utulivu, kisha hugeuka ghafla na kukwea kuelekea bonde la pili. Atokaye Wharfedale kwenda mji mdogo wa Hawes hupitia Fleet Moss, penye kimo cha mita 589 juu ya usawa wa bahari. Atokaye Hawes kuingia Swaledale hana budi kupanda Buttertubs, penye mita 526. Huko juu hakuna kivuli wala pa kujikinga, na mvua haibishi hodi.

Katika nchi ya namna hiyo, mwendesha baiskeli hujifunza mapema kuzigawa nguvu zake. Akizimaliza zote kwenye kilima cha kwanza, kilima cha pili kitamdai deni asiloweza kulilipa.

Somo hilo lilimfaa Beryl katika mbio za kushindana na saa, ambazo ndizo zilizokuwa zimeshamiri Uingereza. Katika mbio hizo kila mshindani huondoka peke yake, dakika moja baada ya mwenzake, na haruhusiwi kujificha nyuma ya mwingine ili kuepa upepo. Adui wake ni saa na miguu yake mwenyewe.

Mwaka wa 1957 alipata medali yake ya kwanza ya kitaifa, nishani ya fedha katika mbio za maili 100, yaani kilomita 161. Kuanzia 1959 alitawazwa mwendesha baiskeli bora wa kike wa Uingereza katika mbio za saa, taji ambalo hakulitoa mikononi mwake hadi 1983. Hiyo ni miaka 25 mfululizo. Aidha, alikuwa mwanamke wa kwanza nchini humo kumaliza maili 25 chini ya saa 1, maili 50 chini ya saa 2 na maili 100 chini ya saa 4.

Nje ya nchi yake alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za kufukuzana uwanjani mara 5, kati ya 1959 na 1966. Katika mbio za barabarani alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1960 nchini Ujerumani Mashariki, na tena mwaka wa 1967 nchini Uholanzi. Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani za heshima mwaka wa 1964 na 1968.

Hata hivyo, heshima haikujaza chungu. Beryl alibaki mwanamichezo wa ridhaa maisha yake yote. Kwa miaka mingi alifanya kibarua katika shamba la mwanachama mwenzake wa klabu mjini Morley, lililokuzwa rubabu, mmea wenye mabua mekundu machachu ambayo Waingereza huyapika kwa sukari. Kazi ilikuwa ya kuinama, kuchimba na kubeba mizigo mizito, katika baridi na matope. Jioni, mwili ule ule uliochoka shambani ulipanda baiskeli kufanya mazoezi. Mumewe naye aliacha kushindana ili amtengenezee baiskeli, ampeleke mashindanoni na kumlea mtoto.

Siku iliyolifanya jina lake lisisahaulike ni Septemba 17, 1967. Klabu ya mji wa Otley iliandaa mbio za saa 12, ambapo mshindi ni yule atakayekwenda mbali zaidi kabla ya muda kwisha. Wanaume waliondoka kwanza, wa mwisho wao akiwa Mike McNamara, ambaye siku hiyo alikuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume ya Uingereza. Beryl alianza dakika chache baadaye.

Saa baada ya saa aliwapita wanaume mmoja mmoja. Baada ya zaidi ya maili 230 alibaki McNamara peke yake mbele yake. Alipomfikia, Beryl aliona haya kumpita mtu aliyekuwa akijitahidi kiasi kile bila kumpa neno. Akaingiza mkono mfukoni, akampa peremende. McNamara akaipokea, akamshukuru na kuila, naye Beryl akaenda zake.

Saa 12 zilipokamilika, McNamara alikuwa amekwenda maili 276.52, ambayo ni rekodi mpya ya wanaume. Beryl alikuwa amekwenda maili 277.25, takriban kilomita 446. Wanaume walihitaji miaka miwili kuupita umbali huo. Wanawake walihitaji miaka 50, kwani rekodi yake ilidumu hadi 2017.

Lakini moyo uliokataa kushindwa na mtu yeyote haukujua kuchagua wa kumshinda. Denise alikua akiwafuata wazazi wake barabarani, naye akawa mwendesha baiskeli hodari aliyenyakua nishani ya shaba katika mashindano ya dunia ya 1975. Mwaka wa 1976, katika mbio za ubingwa wa taifa mjini Harrogate, mama na binti walifika pamoja kwenye mita za mwisho. Denise akashinda.

Jukwaani Beryl alikataa kumpa mwanawe mkono. Aliamini kwamba Denise hakuwa amefanya sehemu yake ya kazi ya kuukata upepo. Baadaye alikiri kwamba tendo lile halikumpa sifa, wala hakujaribu kulificha. Mwaka wa 1982 wawili hao walipanda baiskeli moja ya viti viwili na kuweka rekodi ya taifa ya maili 10. Pengine huo ndio mkono uliocheleweshwa kwa miaka sita.

Kuna mlango mmoja ambao Beryl hakufunguliwa. Michezo ya Olimpiki iliwaruhusu wanawake kushindana kwa baiskeli kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984 mjini Los Angeles. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 47.

Aliendelea kushindana wakati wenzake wa rika lake walipokuwa wamestaafu. Mnamo Mei 5, 1996, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 59, alitoka kwa baiskeli kwenda kuwapelekea marafiki mialiko ya sherehe ya kuzaliwa kwake. Njiani moyo ukasimama. Ulikuwa moyo ule ule ambao madaktari waliuonya ukiwa bado wa mtoto, na ulikuwa umemtumikia kwa karibu miaka 50 tangu onyo hilo.

Julai 5, 2014 mbio maarufu za Tour de France zilianzia Leeds na kumalizia mkondo wa kwanza Harrogate, zikipitia Buttertubs. Bingwa mtetezi alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mchezo huo katika barabara za Kenya. Umati mkubwa ulijipanga kwenye vilima hivyo kuwashangilia wanaume waliolipwa vizuri kwa kazi ambayo mwanamke wa Morley aliifanya bila mshahara.

Siku hizi ipo njia ya baiskeli yenye jina lake kati ya Harrogate na Knaresborough, na huko Morley ipo bustani ya kumbukumbu yenye picha yake ukutani. Ni alama ndogo kwa mtu aliyetenda makubwa kiasi hicho. Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Beryl Burton alichumia juani, mvuani na matopeni, ila kivuli chake wamekirithi wanawake waliomfuata barabarani.