Munsell: Mwalimu aliyezipa rangi nambari

ALBERT Henry Munsell alizaliwa Januari 6, 1858, mjini Boston, Marekani, akawa mchoraji na mwalimu wa sanaa.

Kilichomkera ni majina ya rangi. Neno moja, mathalan kijani, kila msikilizaji aliliwazia rangi yake. Kwa hivyo, Munsell aliipima kila rangi kwa mambo matatu: aina, mwangaza na ukolezi. Katika 5R 4/14, 5R ni wekundu wenyewe, 4 ni mwangaza na 14 ni ukolezi.

Mfumo huo aliufafanua kitabuni mwaka wa 1905, na krayoni zilizopangwa kwa utaratibu wake zikatengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Mnamo 1917 alianzisha kampuni ya kuiendeleza kazi hiyo. Hata hivyo, mkono wa mauti haukumpa muda wa kuyaona matunda yake. Aliaga dunia Juni 28, 1918, akiwa na umri wa miaka 60.

Mwaka wa 1926, Binney & Smith, watengenezaji wa Crayola, walizinunua krayoni zake. Hadi leo, wataalamu wa udongo hubeba chati za Munsell mashambani kutambulisha rangi ya ardhi.