James Tuckey, mwanamaji aliyekufa akitafuta chanzo cha mto Congo

Tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka wa 1816, kapiteni James Hingston Tuckey wa jeshi la majini la Uingereza alifariki ndani ya meli, karibu na mdomo wa mto Congo. Alikuwa na miaka 40. Huko Yanonge, ambako mashua za Kisangani hupita kila siku, huenda wachache tu wanalijua jina lake. Lakini swali lililomleta lilihusu maji yao: mto huu unatoka wapi?

Tuckey alizaliwa mwaka wa 1776 karibu na Mallow, inchini Ireland, akaingia jeshini akiwa kijana. Mwaka wa 1803 alikuwa ofisa kwenye meli Calcutta iliyopeleka wafungwa Australia. Miaka miwili baadaye Wafaransa waliiteka meli hiyo, naye akakaa mateka Verdun hadi 1814. Humo alioa mwanamke aliyekuwa mateka kama yeye, akaandika vitabu vinne vya jiografia ya bahari. Alipofunguliwa, mwili wake ulikuwa umechoka.

Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya walidhani mto Niger na mto Congo ni mto mmoja. Serikali ya London ikatuma kundi moja upande wa Niger, na Tuckey upande wa Congo. Meli yake, iliyoitwa Congo, ilitengenezwa iende kwa mashine ya mvuke. Mashine ikawa nzito mno, ikatolewa, wakarudi kwenye matanga kama kawaida.

Walifika mdomo wa mto mwezi wa 7. Ndani ya meli alikuwemo Mukongo mmoja aliyeitwa Simmons. Baba yake alikuwa amemkabidhi kwa kapiteni Mwingereza ili akasomeshwe Ulaya. Kapiteni huyo akamuuza utumwani ngambo ya bahari. Baba alipanda melini karibu na Boma, akamkuta mtoto wake yuko hai. Furaha ya mzee ilikuwa kubwa kuliko ya mwanawe, na mtu anaweza kuelewa sababu.

Machifu wa Boma walimuuliza Tuckey mara nyingi kama amekuja kufanya biashara ama vita. Kusema amekuja kuangalia mto tu, hawakusadiki. Walikuwa na haki: meli za watumwa zilikuwa bado zinaingia humo, ingawa Uingereza ilikuwa imekataza biashara hiyo tangu 1807.

Kwenye maporomoko ya Yellala, karibu na Matadi ya leo, mashua hazikuweza kupita. Wakaendelea kwa miguu juu ya mawe na jua kali. Chakula kikapungua, wapagazi wakakataa kuendelea, homa ikaanza kuwaangusha. Walipita Isangila, wakaona mto umepanuka na kutulia, lakini nguvu zilikuwa zimekwisha. Mwezi wa 9 wakageuka.

Wakati wa kurudi Tuckey aliona jambo moja: maji yalikuwa yanapanda, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha vya kutosha huko chini. Akaandika kwamba maji hayo lazima yanatoka kaskazini ya ikweta. Alifikiri yanatoka kwenye ziwa kubwa, na hapo alikosea. Kuhusu kaskazini alipata. Ubangi na mito mingine ya upande huo ndiyo inayoleta maji mapema.

Mtaalamu wa mimea Christen Smith kutoka Norway alikufa tarehe 22 mwezi wa 9. Cranch na Tudor, waliokusanya wanyama, walikufa pia. Mtunza bustani Lockhart alipona, na mamia ya mimea waliyokusanya ilifika London. Daftari la safari la Tuckey lilichapishwa mwaka wa 1818, na kwenye jina la kitabu mto unaitwa Zaire, kutoka neno la Kikongo nzadi, yaani mto.

Kundi la Niger nalo halikufika. Ilipita miaka 61 kabla Stanley hajashuka kutoka maporomoko ya Wagenia, akapita Yanonge, akafuata mto ukipanda kaskazini na kuvuka ikweta kwa mara ya pili. Alifika Boma tarehe 9 mwezi wa 8 mwaka wa 1877.