Lawrence wa Uarabuni na Pikipiki Iliyomuua

Jina la Lawrence wa Uarabuni si geni katika mwambao wetu. Wengine walilisikia darasani, na wengine, kama mimi, tulilijua kwa sinema ile mashuhuri iliyotoka mwaka 1962. Nilipoitazama mara ya kwanza huko Mombasa nilikuwa kijana, nikingoja kuona ngamia na jangwa. Badala yake, picha iliyoanza ni ya Mzungu mmoja akiwasha pikipiki, akaingia barabarani kwa kasi, akaanguka na kufa. Nilidhani nimekosea ukumbi.

Miaka mingi baadaye, hapa Garsen, ndipo nilipofahamu kwa nini wenye sinema walianzia pale. Mimi mwenyewe ni mtu wa pikipiki. Ninayo moja ya zamani ambayo imenipeleka Malindi, Witu, Mokowe na Hola mara nisizoweza kuzihesabu. Naijua sauti yake ikiwa na oili ya kutosha na sauti yake ikiwa na kiu. Basi niliposoma habari za maisha ya bwana yule nikaona kuwa, pamoja na vita vyake na vitabu vyake, alikuwa pia mwenzetu wa spana na plagi. Na kifo chake kinatuhusu sisi wa Tana kuliko wengi wanavyodhani.

KIJANA WA OXFORD

Thomas Edward Lawrence alizaliwa tarehe 16 Agosti 1888 huko Tremadog, katika nchi ya Wales, akakulia mji wa Oxford. Alikuwa mfupi wa kimo, kiasi cha sentimita 165, lakini mwenye uvumilivu wa kupita kiasi. Mwaka 1909, akiwa bado mwanafunzi, alitembea kwa miguu katika nchi za Sham ili kuzichunguza ngome zilizojengwa zama za Vita vya Msalaba. Alilala katika nyumba za wanavijiji, akajifunza Kiarabu chao. Tangu 1911 hadi 1914 alifanya kazi ya kuchimbua mji wa kale wa Carchemish, ulio ukingoni mwa mto Furati.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alipelekwa Kairo katika idara ya upelelezi ya jeshi la Waingereza. Mwezi wa Juni 1916 Sharifu Hussein bin Ali wa Makka aliasi utawala wa Waturuki. Oktoba mwaka huo huo Lawrence akavuka bahari mpaka Jedda, akakutana na Amir Faisal, mwana wa Sharifu, na tangu hapo akawa mshauri wake na mpitishaji wa dhahabu na silaha za Waingereza.

Kazi yao kubwa ilikuwa kuivunja Reli ya Hijazi. Reli hiyo ilifika Madina mwaka 1908, ikamfupishia hujaji wa Sham safari ya majuma mengi kuwa ya siku chache. Kwa hiyo mwislamu anaposoma jinsi madaraja yale yalivyolipuliwa, hawezi kufurahi moyo wote. Kipande cha kuingia Madina hatimaye kiliachwa baada ya vita. Julai 1917 majeshi ya Waarabu yaliiteka Akaba wakitokea upande wa jangwani, na tarehe 1 Oktoba 1918 yakaingia Dameski.

AHADI ZILIZOVUNJWA

Waarabu walikuwa wameahidiwa uhuru. Lakini tangu Mei 1916 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwisha kugawana nchi hizo kwa siri, katika mapatano yanayojulikana kwa majina ya Sykes na Picot. Novemba 1917 likaja tangazo la Balfour juu ya Palestina, ambalo machungu yake yanaonekana mpaka leo. Lawrence aliyajua mapatano yale ya siri hali vita vikiendelea, naye akazidi kuwahimiza watu wapigane. Julai 1920 Wafaransa walimfukuza Faisal kutoka Dameski kwa nguvu ya mizinga. Mwaka uliofuata Waingereza wakampa ufalme wa Iraki.

Wako wanaomsifu Lawrence kwamba aliwapenda Waarabu, na wako wanaosema alikuwa jasusi aliyetumikia dola yake tu. Mimi naona yote mawili yalikuwamo ndani yake, na kwamba jambo hilo lilimtafuna. Mwaka 1918 alikataa nishani mbele ya Mfalme George wa Tano. Na mwaka 1922, yeye aliyekuwa Kanali na mshauri wa mawaziri, aliingia Jeshi la Anga la Uingereza kama askari wa cheo cha chini kabisa, kwa jina la uongo la John Hume Ross. Magazeti yakamfichua, akatolewa. Mwaka 1923 akaingia jeshi la vifaru kwa jina la Shaw, katika kambi ya Bovington, na mwaka 1925 akarudishwa Jeshi la Anga. Jina la Shaw ndilo alilolitumia mpaka kufa.

PIKIPIKI ZA GEORGE BROUGH

Ni katika miaka hiyo ya kujificha ndipo pikipiki zilipokuwa starehe yake kuu. Hakutumia pombe wala tumbako. Fedha yake na saa zake za mapumziko zilikwenda kwenye pikipiki.

Hazikuwa pikipiki za kawaida. Zilikuwa Brough Superior, zilizoundwa katika mji wa Nottingham na fundi mmoja aitwaye George Brough. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili zilizokaa mfano wa herufi V, yenye ukubwa wa karibu cc 1000. Kila pikipiki iliundwa mara mbili. Kwanza vyuma vyote vilifungwa ili kuhakikisha vinakaana, kisha ikafumuliwa yote, vyuma vikapakwa rangi, ndipo ikafungwa tena. Zile za aina ya SS100 hazikutoka kiwandani kabla ya kujaribiwa na kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Bei ya moja ilipita mshahara wa mwaka mzima wa askari wa cheo cha Lawrence.

Alinunua ya kwanza mwaka 1922. Mpaka kufa kwake alikuwa amemiliki saba, na ya nane ilikuwa ikiundwa kiwandani. Alizipa jina la Boanerges, maana yake wana wa ngurumo, na pia akaziita George kwa heshima ya fundi wake, George wa kwanza, wa pili, na kuendelea. Kwa kuwa alikuwa mfupi, aliagiza zirekebishwe zimfae, na ya mwisho aliiwekea tangi la chuma kisichoshika kutu.

Kilichonipendeza mimi ni kwamba alikuwa mmiliki anayejua alichonacho. Aliandikiana barua na Brough kama mtu na fundi wake, akimweleza chombo kilivyokwenda. Mwaka 1926 alimwarifu kuwa amekwisha kwenda maili 100,000 kwa pikipiki tano, karibu kilomita 160,000, na katika safari zote hizo aliwadai watu wa bima mara moja tu, baada ya kuteleza. Alipopata ruhusa ya siku moja aliweza kuvuka nusu ya Uingereza na kurudi kambini jioni. Aliandika pia habari ya siku moja aliposhindana barabarani na ndege ya kijeshi iliyokuwa juu yake.

Mwanzoni mwa 1927 alipelekwa Karachi, na aliporudi mwaka 1929 rafiki zake, miongoni mwao mwandishi Bernard Shaw na mkewe, walimpa Brough mpya. Miaka yake ya mwisho jeshini aliitumia kusaidia kuunda motaboti za mbio za kuokoa marubani walioanguka baharini.

SIKU YA AJALI

Mapema mwaka 1935 alistaafu, akahamia katika kinyumba chake kilichoitwa Clouds Hill, karibu na Bovington. Tarehe 13 Mei alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi. Alipokuwa akirudi, kwenye barabara nyembamba yenye mabonde madogo yanayoficha kilicho mbele, akawakuta vijana wawili wa baiskeli. Akajaribu kuwakwepa, akagusa baiskeli moja, akarushwa mbele ya usukani. Kichwani hakuwa na kitu. Helmeti zilikuwapo wakati huo, lakini zilihesabiwa kuwa mavazi ya watu wa mashindano.

Alilala siku 6 bila kujitambua, akafa tarehe 19 Mei akiwa na umri wa miaka 46. Winston Churchill alikuwa miongoni mwa waliohudhuria mazishi yake katika kijiji cha Moreton. Pikipiki yenyewe haikuumia sana. Ilirudishwa kiwandani, ikatengenezwa, na ipo mpaka leo.

DAKTARI CAIRNS

Kati ya madaktari walioitwa kitandani pake alikuwapo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa, lakini alianza kuchunguza vifo vya waendeshaji pikipiki. Mwaka 1941 alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza, akionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya Vita Kuu ya Pili waendeshaji pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwenye barabara za Uingereza, na kwamba wengi waliuawa na jeraha la kichwa. Miongoni mwa majeruhi aliowaona, 7 tu walikuwa wamevaa helmeti, na wote 7 walipona.

Novemba mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru waendeshaji wake wote wavae helmeti. Mwaka 1946 Cairns akachapisha hesabu nyingine kuonyesha jinsi vifo vilivyopungua. Raia wa Uingereza walilazimishwa na sheria mwaka 1973, naye Cairns alikuwa amefariki tangu 1952.

SISI WA TANA

Zamani hapa Garsen mto ulivukwa kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba, na pikipiki ilikuwa mali ya afisa au padri. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, vijana wetu wakazinunua kwa wingi. Leo ndizo zinazobeba maembe ya Wapokomo na maziwa ya Waorma, na ndizo zinazomkimbiza mama mzazi zahanati. Lami ya kwenda Lamu imewekwa, na mwendo umeongezeka.

Mwana wa dada yangu naye alinunua yake. Nilimsaidia kuirekebisha chini ya mwarobaini nyumbani kwangu. Tuliongeza urefu wa kiti, tukachomea karia ya nondo kwa ajili ya makreti, tukabadili sproketi ya nyuma ikawa kubwa ili isikwame kwenye tope jeusi la masika, tukainua madgadi ili udongo usizibe gurudumu. Kila kitu nilikikagua kwa mkono wangu. Helmeti aliitundika kwenye kioo cha pembeni, akasema joto la Garsen haliruhusu, na tena itamharibia kofia yake ya kiua. Nilicheka nikanyamaza.

Alasiri moja, karibu na Minjila, mbuzi walivuka barabara. Akawakwepa. Siku 9 hakumjua mtu. Alhamdulillahi yu hai, lakini hata leo husahau majina ya watoto wake, na mamaye humkumbusha taratibu kila asubuhi. Pikipiki ile niliinyoosha usukani na kubadili taa kwa muda wa alasiri moja tu. Nilipomaliza niliiwasha, ikaitika mara ya kwanza, nami nikakaa chini nikalia.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wote wavae helmeti, lakini barabarani mwetu inavaliwa pale penye polisi na kuvuliwa mbele kidogo. Nikiwaambia vijana, hunijibu kuwa ajali ni kudra. Ni kweli. Lakini sote tulifundishwa chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Lawrence aliyajua mambo ya ngamia na ya injini vilevile, akafunga kila boliti ya pikipiki yake, kasoro hiyo moja tu.

Siku hizi anayeleta pikipiki chini ya mwarobaini wangu namwuliza kwanza helmeti yake iko wapi, kisha ndipo nashika spana. Asiye nayo namrudisha. Wengine hukasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Kofia ya kiua hukunjika ikakaa mfukoni, na mtu akifika msikitini akaivaa.