Justus von Liebig na Chakula cha Mimea

Ukifika Micheweni, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, utaona mihogo na mtama ikiota juu ya mawe ya matumbawe. Udongo wake ni haba, na kila mavuno huondoka na sehemu ya rutuba yake. Je, rutuba hiyo huenda wapi, na yawezaje kurudishwa? Justus von Liebig alilihangaikia swali hili kwa miaka mingi.

Liebig alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1803. Baba yake aliuza rangi na madawa, naye alimsaidia kazi. Mwaka 1816 baridi iliharibu mazao katika nchi nyingi za Ulaya, kukawa na njaa kubwa. Baadaye alisoma kemia mpaka Paris, na mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 21 tu, akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Giessen.

Mwaka 1840 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mimea huchukua madini kutoka udongoni, mojawapo ikiwa ni fosforasi. Alieneza pia jambo lililogunduliwa kabla yake na Carl Sprengel: chakula kimoja cha mmea kikipungua, vingine haviwezi kushika nafasi yake. Fikiri juu ya mtungi uliovunjika mdomo upande mmoja. Hata ukiujaza vipi, maji hayapandi kupita pale palipovunjika.

Lakini Liebig naye alikosea. Mbolea yake ya kwanza aliifanya ngumu ili mvua isiichukue. Mizizi haiwezi kunyonya kitu kisichoyeyuka katika maji, kwa hiyo mazao hayakuongezeka. Alipolitambua kosa lake, alilikiri.

Katika miaka ya 1860 mji wa London ulikuwa ukijenga mifereji mikubwa ya kupeleka uchafu wa vyoo katika mto Thames. Liebig aliona fosforasi ya mashamba ikipotelea baharini, akasihi irudishwe ardhini. Mifereji ilikamilishwa, na uchafu ukaendelea kumwagwa mtoni. Liebig alifariki Munich mwaka 1873.

Siku hizi miji kadhaa duniani hutia magnesi katika maji machafu. Fosforasi hugandamana nayo, ikawa chembechembe ngumu ambazo hukusanywa na kutumiwa kuwa mbolea. Nchini kwetu mbolea ya fosforasi hupatikana katika mawe ya Minjingu, mkoani Manyara. Lakini mawe yakichimbwa hayaoti tena.

Angalia! Usimwagie mboga maji ya choo. Yana vijidudu vya kipindupindu na mayai ya minyoo. Majani makavu, maganda na samadi vyatosha kuanzia shimo la mboji shuleni.

Maswali
1. Kwa nini mbolea ya kwanza ya Liebig haikufaa?
2. Taja njia mbili ambazo fosforasi huondoka shambani.
3. Shambani kwenu, ni vitu gani vinavyotupwa ambavyo vingeweza kurudishwa udongoni?