Carlo Abarth: fundi aliyekula kupitia bomba la moshi, akashinda kwa moteri ndogo

Mwezi wa Oktoba 1965, kwenye uwanja wa mbio wa Monza, kaskazini mwa Italia, mwanaume mmoja mrefu aliyekaribia kutimiza miaka 57 alijipenyeza ndani ya gari jembamba lenye kiti kimoja. Miezi michache hapo awali asingeweza hata kuingia. Alikuwa amepunguza kilo karibu 30, kwa kula hasa matofaa. Mtu huyo hakuwa mwanamichezo wa kulipwa. Alikuwa bosi wa kampuni yenye mamia ya wafanyakazi, na alikuwa na madereva wengi vijana ambao wangefurahi kuendesha gari hilo kwa niaba yake. Lakini aliendesha mwenyewe, na siku hizo akaweka rekodi za dunia za kuondoka kwa kasi katika daraja la magari ya moteri ndogo.

Jina lake ni Carlo Abarth. Leo jina hilo, pamoja na alama ya nge, linaonekana kwenye magari madogo ya Fiat barabarani, na wengi hudhani ni jina la aina ya gari tu. Kumbe ni la mtu, na mtu huyo ndiye aliyeifanya kazi ya kuongeza nguvu ya gari la kawaida iwe biashara inayoheshimiwa, yenye vipuri vinavyouzwa dukani.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1908 mjini Vienna, Austria, kwa jina la Karl. Wanaosoma nyota wanajua kwamba tarehe hiyo iko chini ya nge, na ndiyo sababu mdudu huyo alikuja kuwa alama ya kampuni yake. Ujanani alipenda pikipiki. Alizitengeneza, alizichora na kuzikimbiza, na alianguka vibaya zaidi ya mara moja. Baada ya ajali moja kubwa, aligeukia pikipiki yenye kitoroli cha pembeni. Aliunda kitoroli chake mwenyewe, na mwaka wa 1934 alikitumia kwa jambo lililoandikwa na magazeti ya wakati ule: alishindana na Orient Express, treni maarufu kuliko zote za Ulaya, kutoka Vienna hadi Ostend kwenye pwani ya Ubelgiji. Safari hiyo ilikuwa ya zaidi ya kilometa 1,300. Jaribio la kwanza lilimwendea vibaya. Alijaribu tena, na akafika mbele ya treni.

Kabla tu ya Vita ya Pili ya Dunia, ajali nyingine huko Ljubljana, Yugoslavia, ilimlaza hospitalini muda mrefu na kumaliza mbio zake za pikipiki. Akabaki katika mji huo miaka yote ya vita. Vita ilipokwisha alihamia Merano, kaskazini mwa Italia, ambako ukoo wake ulikuwa na mizizi. Ni huko Italia ndiko Karl alikuwa Carlo.

Alifika akiwa na kitu kimoja cha thamani: watu aliowafahamu. Mke wake wa kwanza alikuwa amefanya kazi ya usekretari kwa Anton Piëch, mkwe wa Ferdinand Porsche. Kupitia njia hiyo Abarth aliingia katika mradi wa tajiri mmoja wa Turin, Piero Dusio, mwenye kampuni ya magari ya mbio iliyoitwa Cisitalia. Dusio aliagiza kwa ofisi ya Porsche gari la Grand Prix lenye ufundi wa hali ya juu, na Abarth akapewa kuongoza timu ya mbio. Gari lile lilikula pesa zote. Kampuni ikaanguka, Dusio akaenda zake Argentina, na Abarth, mahali pa kulipwa pesa taslimu, akaachiwa magari na vipuri.

Kwa mali hiyo, tarehe 31 Machi 1949, akiwa na mshirika wake Armando Scagliarini, alifungua kampuni ya Abarth & C. Mwaka mmoja baadaye ilipata sifa isiyonunulika: tarehe 10 Aprili 1950, Tazio Nuvolari, dereva aliyeabudiwa na Waitalia, aliendesha gari la Abarth katika mbio za kupanda mlima Pellegrino, karibu na Palermo. Nuvolari alikuwa mgonjwa wa mapafu. Alishinda katika daraja lake, na hiyo ikawa mbio yake ya mwisho.

Lakini sifa hailipi mishahara. Kilicholipa mishahara ya Abarth ni bomba la moshi.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili mpaka leo linachanganya vijana wengi wenye pikipiki na magari. Kwa Kiitaliano, kile ambacho kwetu kinaitwa silansie wanakiita marmitta, neno lile lile la sufuria ya kupikia. Sufuria ya gari la kawaida la miaka ile ilikuwa na vizuizi ndani yake. Moshi ulipita kwa kujikunjakunja, kelele ikapungua, lakini moteri nayo ikapata kazi ya kusukuma moshi ule nje. Nguvu kidogo iliishia hapo hapo. Mtu wa haraka anatoa silansie nzima au anaitoboa. Anapata kelele nyingi, na kwa kawaida hapati nguvu anayodhani amepata, kwa sababu moteri ilipimwa na kurekebishwa pamoja na bomba lake. Abarth, aliyejifunza mambo haya kwenye pikipiki, alifuata njia nyingine: bomba lililonyooka ndani, lenye matundu madogo, likizungushiwa sufi ya vioo ya kumeza sauti. Moshi ulipita bila kuzuiliwa sana, na sauti ikabaki, lakini nzito na ya chini. Kwa nje alilipaka rangi nyeusi na kuweka ncha zinazong'aa kwa kromu. Lilikuwa zuri kwa macho, na hilo nalo lilikuwa biashara.

Mhasibu wa kawaida, au mfanyakazi wa kiwanda, ambaye asingeweza hata kuota kununua Ferrari, aliweza kununua bomba la Abarth na kulifunga kwenye gari lake siku ya Jumamosi. Mwaka wa 1962 kampuni ilitoa mabomba 257,000, na sehemu kubwa ilikwenda nje ya Italia. Wafanyakazi walikuwa 375. Mbio zote zinazosimuliwa hapa chini zililipiwa kwa sehemu kubwa na mabomba hayo.

Mwaka wa 1955 Fiat ilitoa gari la 600. Lilikuwa dogo, moteri yake iko nyuma, na bei yake ya lira 590,000 ililifanya lifikiwe na familia za kawaida. Moteri ilikuwa na sentimita za ujazo 633 na nguvu ya farasi karibu 22 tu. Mtu mwingine angeona gari la kupeleka mke sokoni. Abarth aliona kitu kilichotengenezwa vizuri na chenye nafasi ya kukua.

Alichofanya ndicho somo la kwanza la ufundi huu. Aliongeza upana wa silinda kwa milimita moja tu, kutoka 60 hadi 61, kwa sababu ukuta wa silinda una mpaka wake. Kisha akatengeneza shafti mpya ya ndani iliyoongeza mwendo wa pistoni kutoka milimita 56 hadi 64. Moteri ikafika sentimita 747. Akaweka karburateri kubwa zaidi, akaongeza mgandamizo, akabadilisha shafti inayofungua vali, na bila shaka akaweka bomba lake. Nguvu ikapita farasi 40, karibu mara mbili ya mwanzo, na gari likafikia kilometa 130 kwa saa. Hakuna kipuri kimoja kilichofanya muujiza. Kilichofanya kazi ni kwamba kila kipuri kilichaguliwa kwa kufuata vingine. Fundi anayeweka karburateri kubwa peke yake anachoma esanse tu.

Angalia pia namba yenyewe: 747. Magari ya mbio yaligawanywa katika madaraja kwa ukubwa wa moteri, na moja lilikuwa na mpaka wa 750. Ukipita kwa sentimita moja, unapambana na wakubwa. Magari mengine ya Abarth yalifuata hesabu hiyo hiyo. Lililoitwa 595 lilikuwa na sentimita 594, chini ya mpaka wa 600. Lililoitwa 695 lilikuwa chini ya 700. La 850 lilikuwa na 847, na la 1000 lilikuwa na 982. Abarth alisoma kitabu cha sheria za mbio kwa makini yale yale aliyotumia kusoma moteri. Sheria zilidai pia kwamba gari la daraja la utalii litokane na gari linalouzwa kwa raia, kwa idadi iliyowekwa. Naye akatengeneza idadi hiyo na kuiuza. Ndiyo maana ushindi wake ulikuwa mgumu kupingwa: alisogea hadi kwenye mstari, akasimama hapo.

Mwaka wa 1957 ikaja Fiat 500, yenye farasi 13 tu. Mwanzoni wanunuzi hawakuichangamkia. Walisema haina nguvu. Februari 1958 Abarth alipeleka moja Monza, ikiwa imeongezwa nguvu, na madereva wakapokezana kuiendesha siku saba, mchana na usiku. Ilikwenda kilometa 18,186 kwa wastani wa kilometa 108 kwa saa. Kwa mtu aliyezoea kuona gari likichoka kabla ya safari kwisha, hesabu hiyo inaeleweka bila maelezo. Wakubwa wa Fiat waliielewa pia. Wakakubaliana na Abarth kumlipa kwa kadiri ya ushindi na rekodi anazoleta kwa magari yenye msingi wa Fiat. Mkataba huo ulimpa pesa, na pia ulimfunga kwenye matokeo: wiki isiyo na ushindi ilikuwa wiki yenye hasara.

Mwaka wa 1963 alitoa 595, yenye farasi 27 na mwendo wa kilometa 120 kwa saa. Aliyekuwa na Fiat 500 tayari hakulazimika kununua gari jipya. Kampuni iliuza sanduku la mbao lenye vipuri vyote vya kubadilishia: pistoni, silinda, karburateri, bomba, hata alama za kubandika. Fundi wa garaji alilifungua na kufuata utaratibu. Kabla ya hapo, kuongeza nguvu kulikuwa siri ya kila fundi, na kila fundi alikosea kwa namna yake.

Katika mbio za magari ya utalii za Ulaya, magari yake ya lita moja yalitawala daraja lao kati ya 1965 na 1967. Watazamaji waliyatambua kwa mfuniko wa nyuma uliosimama wazi, ukishikiliwa na vyuma. Ulianza kama njia ya kupoza moteri iliyobanwa sana, kisha ikaonekana kwamba unasaidia pia upepo kupita vizuri juu ya gari. Wengi waliuiga wasijue sababu.

Tatizo lilikuwa kwamba Abarth hakujua kutosheka. Aliingia ubia na Simca ya Ufaransa, lakini Wamarekani wa Chrysler walipoishika kampuni hiyo, ubia ukafa. Alijenga magari ya mbio makubwa zaidi, ambayo hayakutokana na gari lolote la raia na ambayo hakuna mtu angenunua kwa ajili ya kwenda kazini. Kila moja liligharimu mabomba maelfu mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hesabu haikulingana tena, na mwaka wa 1971 aliiuza kampuni kwa Fiat. Magari ya mbio ya daraja la juu yalikwenda mikononi mwa Enzo Osella, na jina likabaki kwa Fiat. Katika hili ni vigumu kumlaumu mwingine. Mtu aliyejua mpaka wa kila moteri kwa sentimita moja hakuuona mpaka wa mfuko wake.

Alirudi Vienna alikozaliwa. Alifariki huko tarehe 24 Oktoba 1979, akiwa na miaka 70, katika siku za nge kama alivyozaliwa. Wakati huo gari la Fiat 131 Abarth lilikuwa limeshatwaa ubingwa wa dunia wa rali mwaka wa 1977 na 1978, na likatwaa tena mwaka wa 1980, baada ya kifo chake. Mwaka uliofuata kampuni ya Abarth ilifungwa kama shirika linalojitegemea.

Mwaka wa 2007 Fiat ililifufua jina hilo. Aliyenunua gari jipya la Abarth na kutaka nguvu zaidi aliagiza vipuri vya kuongezea, vilivyofungwa na garaji yenye kibali cha kampuni. Vililetwa ndani ya sanduku la mbao.