Gary Kildall

Gary Arlen Kildall (Seattle, Washington, 19 Mei 1942 – Monterey, California, 11 Julai 1994) alikuwa mtaalamu wa kompyuta kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kutunga CP/M, mfumo wa uendeshaji uliotumika sana katika kompyuta ndogo kabla ya mwaka 1981.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia iliyokuwa na chuo cha kufundisha mabaharia. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington akikusudia kuwa mwalimu wa hisabati, lakini kompyuta zikamvuta. Alitimiza utumishi wake wa jeshi la majini kwa kufundisha katika chuo cha jeshi hilo mjini Monterey. Mwaka 1972 alipata shahada ya uzamivu.

Huko Monterey alianza kuishauri kampuni ya Intel, akaitungia lugha ya programu iitwayo PL/M. Mwaka 1974 aliandika CP/M, baada ya rafiki yake John Torode kumtengenezea saketi ya kuunganisha kompyuta na kiendeshi cha disketi. Pamoja na mke wake, Dorothy McEwen, alianzisha kampuni ya Digital Research katika mji wa Pacific Grove.

Kuzaliwa kwa BIOS

Kompyuta za wakati ule hazikufanana. Nyingi ziliwasiliana na kibodi na kiwambo kupitia poti ya siriali, yaani mlango unaopitisha kila herufi kwa biti zake, moja baada ya nyingine. Kiwanda kimoja kilitumia chipu ya Intel 8251, kingine Motorola 6850, kingine SIO ya Zilog, na kila kimoja kiliipa poti anwani yake. Kabla ya kupokea herufi, programu hutazama kwanza biti ya hali ili kujua kama imefika. Katika mashine moja biti hiyo ilikuwa ya kwanza, katika nyingine ya pili. Penginepo 1 ilimaanisha tayari, penginepo 0. Programu iliyokosea hapo ilingoja milele, au ilisoma herufi isiyokuwepo. Mwenye mashine hakuonyeshwa hata ujumbe wa kosa, kwa kuwa nao ungelazimika kupita katika poti ileile.

Mwanzoni Kildall alirekebisha CP/M kwa kila mashine mpya. Kampuni ya IMSAI ilipoihitaji, karibu na mwaka 1976, alikuwa amechoshwa na kazi hiyo. Akakusanya kila kinachogusa maunzi katika sehemu moja, akaiita BIOS. Sehemu nyingine zikabaki zilezile kwa mashine zote. Ni mithili ya mfereji mkuu wa umwagiliaji: maji ni yaleyale, ila kila mkulima hujitengenezea lango la shamba lake.

Katika toleo la 2.2, BIOS ilianza na orodha ya miito 17. Mwito wa CONST uliuliza kama herufi imefika, CONIN uliipokea na CONOUT ulituma. Mwenye mashine ya ajabu aliandika mistari michache kwa kila mwito, na programu nyingi za CP/M zikafanya kazi kwake, mradi aweze kuzipata katika disketi inayosomeka kwenye mashine yake.

IBM na MS-DOS

Mwaka 1980 IBM iliitafuta Digital Research kwa ajili ya kompyuta yake mpya, lakini hawakuafikiana. Masimulizi kuhusu siku ile yanapingana. Microsoft ilichukua nafasi hiyo kwa kununua 86-DOS, kazi ya Tim Paterson, aliyefuata mpangilio wa miito ya CP/M ili programu zihamishwe kirahisi. Mfumo huo nao ulitenga sehemu ya maunzi na sehemu nyingine. Hivyo wazo lililoisambaza CP/M lilimsaidia pia mpinzani wake. IBM iliuza CP/M-86 kwa dola 240, na mfumo wa Microsoft kwa dola 40 tu. Wanunuzi wengi walichagua wa bei nafuu.

Miaka ya mwisho

Kuanzia 1983 hadi 1990 Kildall alishiriki kuongoza kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell. Mnamo Julai 1994 aliumia kichwani mjini Monterey, akafariki siku tatu baadaye akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Seattle. Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka bamba la kumbukumbu ya CP/M mbele ya jengo la zamani la kampuni yake huko Pacific Grove.