Steve McQueen: Jina lililolipandisha bei gari lenye kutu

JANUARI 10, 2020, katika mnada wa magari mjini Kissimmee, jimbo la Florida nchini Marekani, gari la kijani aina ya Ford Mustang la mwaka 1968 liliuzwa kwa Dola milioni 3.4. Ada ya mnada ilipoongezwa, mnunuzi alilipa Dola milioni 3.74. Gari hilo halikuwa limenyooshwa bodi wala kupigwa rangi upya. Lilikuwa na kutu, mabonde na rangi iliyochujuka, na chini yake bado kulikuwa na vyuma vilivyochomelewa wakati wa kupiga filamu.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Mutukula, hesabu hiyo ni kinyume cha biashara ya magari anayoijua. Huku kwetu umri ni hasara. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, Uganda tangu 2018 imeyafungia mlango yaliyofikisha miaka 15, na gari linaloshushwa melini Mombasa au Dar es Salaam kwa kawaida hupungua thamani kila mwaka unaopita.

Kilichouzwa Kissimmee kwa bei hiyo hakikuwa injini wala bodi. Lilikuwa jina la mwigizaji Steve McQueen, aliyefariki dunia miaka 39 kabla dalali hajagonga nyundo yake.

Mtoto asiye na kwao

Terrence Stephen McQueen alizaliwa Machi 24, 1930, Beech Grove, jirani na mji wa Indianapolis, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanza kuporomoka. Baba yake, rubani wa ndege za maonyesho, aliitelekeza familia mtoto akiwa bado mchanga. Mama yake, msichana aliyezidiwa na pombe, alishindwa kumlea. Mtoto akaishia shambani kwa Claude, mjomba wa mama yake, katika mji mdogo wa Slater, jimbo la Missouri.

Claude alikuwa mkali lakini mwenye haki. Ndiye aliyempa kijana huyo baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu, na McQueen alipokuwa mtu mzima aliihesabu zawadi hiyo kuwa chanzo cha mapenzi yake ya mbio.

Baadaye mama yake alimchukua tena na kumpeleka Los Angeles, ambako baba wa kambo alimpiga mara kwa mara. Kijana akaingia mitaani. Alijiunga na magenge na kuiba vifuniko vya magurudumu ya magari ya watu. Mwishowe alipelekwa Boys Republic, shule ya kurekebisha tabia iliyopo Chino, California. Alitoroka, akarudishwa, na polepole akatulia. Hakuwa hodari wa masomo. Kusoma kulimpa taabu maisha yake yote, na sikio lake moja halikusikia vizuri.

Mwaka 1947 alijiunga na kikosi cha wanamaji wa nchi kavu wa Marekani. Huko pia alianza kwa utovu wa nidhamu. Aliwahi kutoroka kambini kwa wiki mbili, akatiwa mahabusu. Hata hivyo alimaliza muda wake na kuondoka mwaka 1950 kwa heshima. Kazi mojawapo alizopewa jeshini ilikuwa kubandua vifuniko vya asbestosi kwenye mabomba ya meli. Wakati huo wengi hawakuiona hatari yake.

Kutoka pikipiki hadi sinema

Fedha ambazo serikali iliwatengea askari waliostaafu ndizo zilizomsomesha uigizaji New York. Mwishoni mwa wiki alishindana mbio za pikipiki na kuongezea kipato kwa zawadi za ushindi. Mwaka 1956 alimwoa Neile Adams, mcheza dansi mzaliwa wa Manila, ambaye katika miaka ya mwanzo ya ndoa ndiye aliyeleta kipato kikubwa nyumbani. Walipata watoto wawili.

Umaarufu ulianza mwaka 1958 kwa tamthilia ya televisheni ya Wanted: Dead or Alive. Mwaka 1960 ikafuata filamu ya The Magnificent Seven, na mwaka 1963 The Great Escape, inayokumbukwa kwa pikipiki inayoruka uzio karibu na mpaka wa Ujerumani na Uswisi. McQueen aliendesha sehemu kubwa ya mbio hizo, lakini mruko wenyewe ulifanywa na rafiki yake, Bud Ekins. Mwaka uliofuata wawili hao walikwenda Ujerumani Mashariki na timu ya Marekani kwenye mashindano ya siku sita ya pikipiki.

Katika mikataba yake na studio, McQueen alikuwa mgumu wa kupatana. Pamoja na malipo, alidai mizigo ya suruali za jinzi na mashine za kunyolea ndevu, jambo lililowashangaza waajiri wake. Ilikuja kujulikana kwamba vitu hivyo vilipelekwa kwa vijana wa Boys Republic. Alikuwa akiwatembelea mara kwa mara na kukaa nao bila waandishi wa habari.

Gari la Bullitt

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa gari la GTO: bodi ya ukubwa wa wastani iliyotiwa injini kubwa ya silinda nane, kwa bei ambayo kijana mwenye ajira aliweza kuimudu. Wengine waliiga. Magari hayo ya nguvu yalitawala barabara za Marekani kwa miaka michache, hadi gharama za bima, sheria za moshi na mgogoro wa mafuta wa 1973 zilipoyamaliza. Hayakutengenezwa ili yatunzwe. Yalitengenezwa kwa maelfu, yakakimbizwa, yakagongwa, na mengi yakaishia kwenye vyuma chakavu.

McQueen aliyapa magari hayo sura yao inayokumbukwa zaidi. Katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968, yeye akiwa mpelelezi wa polisi anaendesha Mustang ya kijani kulikimbiza gari jeusi aina ya Dodge Charger kwenye vilima vya San Francisco kwa takriban dakika 10. Sehemu ya uendeshaji aliifanya mwenyewe, na ile ya hatari zaidi ikafanywa na wataalamu, akiwemo Ekins. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya uhariri.

Mustang zilizotumika zilikuwa mbili, zenye namba za chasisi zinazofuatana. Moja ilipigwa sana wakati wa kurekodi, ikapelekwa kwenye chakavu. Ya pili iliuzwa kwa mfanyakazi wa studio, ikapita kwa polisi mmoja, na mwaka 1974 ikanunuliwa na familia moja ya New Jersey kwa Dola 6,000. Mama wa nyumba hiyo aliitumia kwenda kazini. Klachi ilipokufa mwaka 1980, gari liliegeshwa.

Le Mans na hasara yake

Machi 1970, McQueen alishiriki mbio za saa 12 za Sebring, Florida, huku mguu wake mmoja ukiwa kwenye plasta baada ya ajali ya pikipiki. Yeye na mwenzake Peter Revson walimaliza wa pili kwa gari dogo la Porsche 908, nyuma ya Ferrari ya Mario Andretti.

Alitaka kushindana pia katika saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, lakini waliodhamini filamu yake hawakukubali kubeba hatari hiyo. Akabaki na filamu, na filamu ikamtafuna. Kazi ilianza bila hadithi iliyokamilika, gharama zikapanda, mwongozaji John Sturges akaondoka, na dereva David Piper akapoteza sehemu ya mguu katika ajali. Le Mans ilipotoka mwaka 1971, watazamaji hawakujitokeza kwa wingi. Ndoa yake na Neile ilivunjika mwaka uliofuata, na kampuni yake ya filamu ikadhoofika.

Alisimama tena kwa The Getaway, Papillon na The Towering Inferno, akawa miongoni mwa waigizaji waliolipwa zaidi duniani. Kisha akajitenga. Ndoa yake ya pili, na mwigizaji Ali MacGraw, iliyofungwa mwaka 1973, nayo ilivunjika mwaka 1978.

Mnunuzi wa vitu vikuukuu

Katika miaka yake ya mwisho McQueen alifuga ndevu, akawa mtu wa minada na masoko ya vitu vya zamani. Alinunua pikipiki za Indian zilizokwisha kutupwa na wengine, malori, midoli na ndege. Kwa muda aliishi katika banda la ndege huko Santa Paula, California, kitanda chake kikiwa katikati ya mali hiyo. Wengi wakati huo waliviona vitu hivyo kuwa takataka.

Gari lake la Jaguar XKSS, moja kati ya 16 tu zilizokamilishwa kiwandani, aliwahi kuliuza kisha akalinunua tena. Mwaka 1977 alijaribu kufanya hivyo hivyo kwa Mustang ya Bullitt. Aliwaandikia barua wenye gari wa New Jersey, akiomba kulinunua iwapo bei ingekuwa ya wastani. Hawakumuuzia. Mtu aliyelipa gari hilo thamani yake hakuweza kulipata.

Ng'ambo ya mpaka

Desemba 1979 madaktari walimgundua na mesothelioma, saratani inayohusishwa na asbestosi. Mwenyewe aliamini aliipata kutokana na kazi ya mabomba jeshini na mavazi ya mbio yaliyozuia moto. Januari 1980 alimwoa Barbara Minty. Madaktari wa Marekani hawakuwa na tiba ya kumpa.

Katikati ya mwaka alivuka mpaka kwenda Rosarito, Mexico, kwa matibabu yasiyotambuliwa nchini kwake, chini ya mtu aliyekuwa daktari wa meno na kunyang'anywa leseni. Baadaye alikwenda Ciudad Juárez, mji wa mpakani ulio mkabala na El Paso, kuondolewa uvimbe ambao madaktari wa kwao walimwonya kwamba moyo wake usingestahimili upasuaji wake. Aliandikishwa hospitalini kwa jina lisilo lake. Alifariki Novemba 7, 1980, akiwa na miaka 50. Majivu yake yalitawanywa katika Bahari ya Pasifiki.

Bei ya jina

Novemba 1984 mali yake ilipigwa mnada Las Vegas. Tangu hapo, kila kilichopita mikononi mwake kimepanda bei. Porsche 911 aliyoendesha katika Le Mans iliuzwa mwaka 2011 kwa karibu Dola milioni 1.4, na Ferrari yake ya 275 GTB/4 mwaka 2014 kwa zaidi ya Dola milioni 10. Mwaka 2017 ile Mustang iliyotupwa ilitambuliwa kwa namba ya chasisi baada ya kupatikana kwenye vyuma chakavu huko Baja California, Mexico.

Bei hizo zimewaambukiza wauzaji wengine. Mustang nyingine yoyote ya miaka hiyo, sakafu imeoza na injini si yake, leo hutajiwa bei kana kwamba nayo ilipita San Francisco. Mnunuzi akishalipa, ndipo huanza hesabu ya mabati, spea, rangi na fundi, na mara nyingi jumla huzidi bei ya gari zima lililokwisha kutengenezwa. Gari la Kissimmee lilikuwa na namba isiyopingika, kumbukumbu ya kila mmiliki, na barua ya McQueen mwenyewe. Kutu peke yake haina soko.

Shule ya Chino ipo hadi leo. Ina jengo la michezo lenye jina la McQueen, na imekuwa ikiandaa maonyesho ya magari ya zamani kwa jina hilo hilo. Wenye magari huyaleta, watu hulipa kuyatazama, na fedha huwasaidia vijana waliofikishwa huko kama alivyofikishwa yeye, mwizi wa vifuniko vya magurudumu.